SI BARIDI INAYOUA KUKU WETU

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili niseme neno juu ya kuku. Najua wako wenzangu watakaocheka, maana wao wameandika juu ya mpira na juu ya viranja, nami naleta habari za banda. Lakini hapa Kinangop nyumba ni nyingi ambazo karo hutoka zizini na bandani, na kwetu sisi hutoka katika kopo la mama la fedha za mayai. Kuku wakifa, kopo huwa tupu. Na kopo likiwa tupu, mtoto hukaa nyumbani wenzake wakisoma. Basi habari za kuku ni habari za shule pia.

Neno langu ni moja. Huku kwetu mlimani, kuku akionekana asubuhi amelala miguu juu, watu wote husema, "Ni baridi," na shauri huishia hapo. Nathubutu kusema kwamba mara nyingi sivyo. Kuku wetu hufa kwa unyevu, kwa hewa mbaya na kwa moshi, na mambo hayo matatu twawapelekea sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tukidhani twawahurumia. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nimelia, na nitaeleza.

Mwaka jana, katika likizo ya Agosti, mama alinunua vifaranga 50 wa kienyeji walioboreshwa, wa ile mbegu iliyotoka kwa watafiti wa serikali kule Naivasha, chini ya mteremko wetu. Fedha alizonunulia zilikuwa sehemu ya karo yangu ya muhula wa tatu. Alitumaini kuzirudisha kwa kuuza maziwa, na kuku wabaki kuwa faida. Akanikabidhi kazi yote. Mama huniita "baba," kwa kuwa nilipewa jina la baba yake, akaniambia, "Baba, hawa ni wako. Ukiwalea vizuri, nao watakulea."

Kila msomaji wa hapa anaijua Agosti yetu: ukungu asubuhi, manyunyu mchana, na usiku mwingine umande huganda juu ya majani yakawa meupe. Nami nikaogopa baridi kama wanavyoogopa wote. Nikachukua chumba cha stoo, nikaziba dirisha kwa magunia, nikajaza vitambaa chini ya mlango, nikaziba hata ule mwanya ulio kati ya ukuta na mabati. Kisha nikaingiza jiko la mkaa lililowaka vizuri. Nikajitandikia gunia pembeni ili nilinde mali ya mama, nikalala.

Alfajiri nyanya alikuja kuchukua ndoo ya kukamulia. Alipousukuma mlango ukakataa, kwa sababu ya vile vitambaa, akasukuma kwa bega. Mimi nilisikia sauti yake kwa mbali kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Kichwa kiliniuma mno, miguu haikuwa na nguvu, na nilipoburutwa nje nikatapika. Vifaranga 31 walikuwa wamekufa. Nyanya hakunigombeza. Alikaa kando yangu nyasini mpaka nikaweza kuketi, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hata mzinga wa nyuki una tundu."

Majirani walipokuja walisema kwa sauti moja, "Ni baridi." Lakini haikuwa baridi. Mkaa unapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haichomi macho. Ikiingia katika damu hukamata mahali pa oksijeni, na mtu hulala usingizi asiamke tena. Lau nyanya angechelewa kwa saa moja tu, makala haya yasingeandikwa, na watu wangalisema kwamba hata mimi niliuawa na baridi. Kwa hiyo, kabla sijaendelea, nawasihi wazazi na wanafunzi wenzangu: mtu yeyote asilale katika chumba kimoja na jiko la mkaa, awe analinda vifaranga, awe anajipasha moto.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa nilibaki nyumbani siku 9, hata mama alipopata kuuza kondoo. Siku hizo 9 nilizitumia kuwatazama kuku wa nyanya. Nyanya ana matetea 6 na jogoo mmoja. Hulala katika ghala kuukuu la mahindi lililosimama juu ya nguzo, lenye kuta za mabanzi ambazo kidole chaweza kupita kati yake. Upepo huingia huko usiku kucha. Hakuna moto wala taa. Na kuku wale wana afya, wameng'aa, na mwaka nenda mwaka rudi wanataga. Nikajiuliza: ikiwa baridi ndiyo muuaji, mbona inapita kwa nyanya kila usiku bila kubisha hodi?

Jibu ni hili. Kuku mzima ana joto la digrii 41 hivi mwilini, sisi tuna 37. Manyoya yake hushika hewa katikati yake kama blanketi, na hewa hiyo isiyosogea ndiyo inayomtia joto. Kinangop iko mita 2,500 hivi juu ya bahari. Kwa kawaida joto hupungua kama digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo sisi tuna baridi kuliko Mombasa kwa digrii kama 16. Hata hivyo kuku mzima, aliyeshiba na aliye mkavu, aweza kuistahimili baridi hiyo bila taabu. Lakini manyoya yakilowa, blanketi limeharibika, na hapo ndipo baridi ndogo huwa kubwa.

Sasa tutazame banda lililozibwa pande zote. Kuku wanapumua usiku kucha, na pumzi yao ina mvuke. Kinyesi chao nacho kina maji mengi. Mvuke hupanda mpaka kwenye mabati yaliyopoa kwa ubaridi wa usiku, hugeuka kuwa maji, na hudondoka tena juu ya migongo ya kuku. Twawafungia kuku wetu ndani ili wasinyeshewe, kumbe twawatengenezea mvua ya ndani! Tena kinyesi kilicholowa hutoa amonia, ile hewa tunayoijua katika maabara ya Kemia, ambayo huwasha macho na kudhoofisha mapafu. Ndipo huja mafua na makohozi. Na katika takataka zilizolowa huzaana wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, waletao ugonjwa wa kuhara damu, ambao huwamaliza vifaranga kwa haraka.

Mzazi anayetaka kujua hali ya banda lake na afanye jaribio hili lisilo na gharama. Aende alfajiri kabla mlango haujafunguliwa, aingie, achuchumae mpaka kichwa chake kiwe sawa na vichwa vya kuku, akae hapo dakika moja. Macho yakimwasha, basi ajue kuku wake walikuwa katika hali hiyo kwa saa 12.

Labda mtaniuliza, "Je, vifaranga nao tuwaache katika upepo?" La, hasha. Kifaranga hana manyoya bado, ana malaika tu. Yeye huhitaji joto la digrii 32 mpaka 35 katika juma la kwanza, kisha lipunguzwe kwa digrii 3 hivi kila juma mpaka aote manyoya. Kosa langu halikuwa kuwatafutia joto. Kosa lilikuwa kudhani kwamba joto na hewa safi haviwezi kukaa pamoja. Wale 19 waliobaki niliwatengenezea sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati nikajaza nyasi kavu, juu nikatundika kitambaa kizito kinachokaribia migongo yao, na pembeni nikaacha matundu. Hapo vifaranga hupashana moto wao kwa wao. Usiku wa baridi kali niliweka kati yao mtungi wa maji ya moto uliofungwa kwa gunia, nikaubadilisha kabla ya kulala. Saa nilikuwa sina, wala kipima joto, bali vifaranga wenyewe ni kipimo: wakirundikana wanaona baridi, wakikimbilia pembeni na kutweta wanaona joto, wakitawanyika na kulala kwa raha basi mambo ni sawa. Kati ya wale 19 walikua 17, na 10 kati yao ni matetea. Walianza kutaga mwezi wa Februari mwaka huu.

Sasa niseme juu ya kware, kwa sababu najua wako watu ambao bado wana hamu nao. Mwaka 2013 na mwanzo wa 2014 nchi yetu yote ilishikwa na homa ya kware. Yai moja, lenye uzito wa gramu 10 tu hivi, liliuzwa kwa bei kubwa kuliko yai la kuku lenye gramu 50 na zaidi, kwa kuwa watu waliambiwa kwamba linaponya maradhi ya kila namna. Shirika la Wanyamapori likawakumbusha wafugaji kwamba kware ni ndege wa porini kwa sheria, na kwamba lazima mtu awe na kibali. Watu wakapanga foleni kutafuta vibali. Baba yangu mdogo aliuza ng'ombe mmoja wa maziwa akanunua kware. Mwaka 2014 haukuisha kabla bei haijaanguka, maana kila mtu alikuwa muuzaji na mnunuzi hakuna. Vizimba vyake viko mpaka leo nyuma ya nyumba, nyanya huhifadhia kuni humo.

Siwadharau kware. Ndege huyu ana sifa zake. Mayai yake huanguliwa kwa siku 17 au 18, ya kuku kwa 21; na kware huanza kutaga akiwa na majuma 6 mpaka 8, wakati kuku wa kienyeji atatungojesha miezi 5 au 6. Mahali pake ni padogo na chakula chake ni kidogo. Walakini mlimani anadai uangalifu mkubwa zaidi, na sababu yake twaweza kuiona mezani. Mimina chai katika kikombe, nyingine iache katika birika. Ya kikombe itapoa kwanza. Kitu kidogo hupoteza joto upesi kuliko kikubwa. Kifaranga cha kware kikianguliwa kina gramu 7 hivi, nacho ni kama kijiko cha chai tu; hutaka joto la digrii 35 na zaidi kidogo katika siku za kwanza. Tena kware wa kufugwa amepoteza desturi ya kuatamia, kwa hiyo hakuna mama wa kumfunika. Lazima mtu awe na mashine ya kuangulia na joto la kutegemewa usiku na mchana. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika na mkaa ni ghali, shauri langu ni kwamba tuanze na kuku. Tetea anayeatamia ni mashine isiyodai umeme, na mabawa yake yana joto na hewa kwa pamoja. Atakayeweza kuwatunza kuku wake wakavu mwaka mzima, huyo ndiye aongeze kware, baada ya kuuliza habari za kibali na baada ya kumjua mnunuzi.

Kadhalika tusivutwe na kuku wa nyama wanaokua mbio. Mahali pa juu kama hapa hewa ni nyepesi; katika mita 2,500 kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa kama robo, ukilinganisha na pwani. Kuku anayekua mbio sana huhitaji oksijeni nyingi, moyo wake huelemewa, na maji hujaa tumboni mpaka afe. Ugonjwa huo wafugaji wa milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, wanaujua tangu zamani, na baridi huuzidisha. Kuku wa kienyeji, aendaye polepole, ndiye rafiki wa mlima.

Najua jibu la wazazi wengi. Watasema, "Tukiacha nafasi wazi, wezi na nguchiro wataingia." Hofu hiyo ni ya haki, nami siipuuzi, kwetu pia nguchiro amekula. Lakini dawa ya mwizi ni kufuli, na dawa ya nguchiro ni wavu wa waya. Gunia si dawa ya yeyote kati yao. Tuache nafasi ya upana wa shubiri moja chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, tuifunge kwa wavu uliopigiliwa vizuri. Nafasi hiyo iwe juu ya vichwa vya kuku wanapolala, ili mvuke na amonia vitoke bila upepo kuwapiga. Upande upepo na mvua vinakotoka, ukuta uwe mzima kutoka chini mpaka juu ya kituo chao.

Mengine ni madogo, nami nitayapitia kwa haraka. Udongo wa uwanda wetu hushika maji, hivyo banda liinuliwe juu ya nguzo au juu ya mawe. Chini tumwage maranda ya seremala, kina cha sentimita 10 mpaka 15, tuyageuze mara kwa mara na kuyatoa yanapolowa. Kituo kiwe ubao wa upana wa inchi 2, ili kuku akilala afunike vidole vyake kwa manyoya. Jioni tuwape mahindi kidogo, maana chakula ndicho kuni za mwili, na usiku wa baridi huhitaji kuni nyingi. Na chanjo ya kideri isisahauliwe, kwa kuwa ugonjwa ule haujali banda zuri wala baya. Tumwulize afisa wa mifugo ratiba yake.

Tena tuwe waangalifu na vitabu. Viko vitabu vizuri vya ufugaji vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za theluji, navyo husema habari za kuwasha taa wakati wa baridi ili kuku wasiache kutaga. Kule siku za baridi huwa fupi sana. Sisi tuko karibu na Ikweta, na siku yetu ni ya saa 12 hivi mwaka mzima, Julai kama Januari. Mayai yakipungua mwezi wa Julai, kabla ya kununua taa tutazame chakula, tutazame chawa, tutazame kama sakafu ni kavu.

Sasa namgeukia Mkuu wa Shule na walimu wetu wa Kilimo, kwa heshima zote. Tunasoma Kilimo darasani, na Fizikia ya joto, na Kemia ya hewa. Na majibu ya mitihani tunayajua. Hata mimi nilijua habari za kaboni monoksidi nilipokuwa Kidato cha Pili, nikazipatia alama katika mtihani, kisha nikaingia na jiko chumbani nikafunga mlango. Elimu yangu ilibaki katika daftari. Naomba shule ijenge mabanda mawili madogo nyuma ya jiko la shule, yenye kuku sawa kwa idadi na chakula: moja limezibwa kama desturi yetu, jingine lina nafasi chini ya paa. Tuandike kila siku joto la ndani na la nje, mayai, na vifo, tangu Mei mpaka Septemba. Siku ya wazazi, wazazi wetu waingie mabanda yote mawili, wachuchumae dakika moja moja, kisha waamue wenyewe. Nikionekana nimekosea, nitakuwa wa kwanza kuandika hivyo katika gazeti hili hili.

Na ninyi wanafunzi wenzangu, likizo i karibu, na ukungu unaanza kushuka kutoka milima ya Nyandarua. Mkifika nyumbani, kabla ya kuketi kuusikiliza mpira redioni, nendeni nyuma ya nyumba mkatazame banda la mama. Mkikuta magunia yamejazwa chini ya paa, yatoeni, mweke wavu. Mkikuta jiko chumbani, litoeni nje. Na mkiulizwa ni nani aliyewatuma, semeni ni nyanya mmoja wa Kinangop, asiyejua kusoma, aliyesema kwamba hata mzinga wa nyuki una tundu.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa Kidato cha Tatu